Jinsi Verlyn Stachura Alivyomlea Beki kwa Kijicho

Verlyn Stachura ni beki wa hoki ya barafuni, na ukimkuta dukani hapa Carrick Falls akichagua viazi utadhani ni fundi bomba aliyeanguka ngazi. Pua imepinda kushoto, meno ya mbele ni ya kuvaa na kuvua, na anatembea kama mtu asiyeiamini sakafu. Mvalishe viatu vyenye makali, mpeleke kwenye barafu, ndipo utaona binadamu aliyenyooka. Alizaliwa Saskatchewan kwenye shamba la ngano, na baba yake alimwambia duniani kuna kazi mbili tu zisizohitaji vitabu: kulima na kucheza beki. Kulima kulimshinda.

Hapa kwetu anachezea Fisi-maji. Kwa kweli Fisi-maji si timu, ni banda la kukuzia vifaranga vya timu kubwa iliyoko jiji kubwa, na kila anayevaa jezi yetu anaishi akitazama angani kama kuku mwenye wasiwasi wa mwewe, tofauti ni kwamba hawa kuku wanaomba mwewe aje. Ligi kubwa tunaiita Huko Juu. Padri wetu analalamika kwamba tunalitaja hilo kwa imani kuliko tunavyoitaja mbingu yake, na ni kweli, maana mbinguni hakuna aliyekwenda akarudi kutusimulia chakula.

Wengi wamepita hapa wakaenda Huko Juu. Wengine wiki moja, wengine moja kwa moja. Stachura ana miaka thelathini na tatu na hajaitwa hata kwa mechi moja. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu hata mjini kwenyewe hajafikishwa, walau ndani ya tenga. Alichokuwa akikitaka maishani ni hicho tu: mechi moja, jina lake mgongoni, kisha wamfukuze wakitaka.

Basi Septemba ikamleta Bodie Amundsrud.

Miaka ishirini, mtoto wa kaskazini ya Minnesota, mashavu kama anatoka kubatizwa. Timu kubwa ilimchagua mbele ya vijana wote wa mwaka wake. Siku ya kwanza aliteleza kinyumenyume uwanja mzima bila kelele, kama siagi kwenye kikaango cha moto, hata mzee anayeendesha mashine ya kulainisha barafu akazima injini atazame. Stachura naye alitazama. Jioni mkewe, Lorna, alimwekea pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, naye akazisukuma pembeni.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kaja mtoto anayekuzidi."

"Nani kakwambia?"

"Mwaka juzi ulisusa chakula hivihivi kwa sababu ya yule Mswidi. Kula, mume wangu. Mswidi hakurudisha hata kilo moja uliyopungua."

Kesho yake kocha Pellerin, Mquebec mwenye kifua cha pipa, alimwita ofisini. "Stach, huyu dogo ni wako. Utacheza naye pembeni, utalala naye chumba kimoja safarini. Mfundishe kazi."

"Nimfundishe nini, kocha? Ana kila kitu."

"Mfundishe kukosa. Kwa hilo hapa hakuna anayekufikia."

Ndivyo mbwa alivyokabidhiwa mfupa na kuambiwa aulinde.

Kilichomuuma Stachura zaidi ya yote ni watu kusimama. Bodie akikipata kisahani, kile cheusi kinachopigwa kwa fimbo badala ya mpira, nyuma ya goli letu, alikibeba mwenyewe, anapita huyu, anapita yule, na watu elfu tatu wa Carrick Falls wanainuka vitini bia mkononi. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kumwinukia Stachura, labda walipokuwa wakienda msalani. Akakaa akatafakari, kisha akamwendea kijana kwa sauti ya baba mlezi.

"Dogo, nataka nikwambie kitu kama mdogo wangu."

"Niambie, mzee."

"Acha kubeba. Ukikipata tu, tazama nyuma ya bega, mpe winga, basi. Kubeba ni utoto."

"Kweli?"

"Wakubwa hawabebi."

Alidhani amemzimia taa. Bodie, ambaye heshima ilimjaa kama maji kwenye tikiti, alitii neno kwa neno. Akaanza kutoa pasi, na pasi zenyewe zikawa zinapita kati ya miguu ya maadui kama sindano kwenye kitambaa, mawinga wetu wakajikuta peke yao na kipa. Tukashinda mechi tano mfululizo, jambo ambalo liliwatisha hata wachezaji.

Mwezi uliofuata akamjaribu kwa lingine. Akamwambia amsogelee mshambuliaji karibu kabisa, amkabe hadi asikie harufu ya alichokula mchana. Ushauri wa namna hiyo humwaibisha beki mzito, kwa sababu mshambuliaji anampita kama nguzo. Alisahau kwamba mzito ni yeye. Bodie alisogea, akarudi kinyumenyume kwa kasi ileile ya mtu anayemjia, na washambuliaji wakawa wanagonga kifua chake kama nzi kwenye kioo.

Kutoka timu kubwa akaja bwana Fenwick, mkurugenzi wa maendeleo ya vijana, mtu wa shahada mbili na skafu tatu. Alitazama mechi akiandika kwenye kompyuta yake ya mkononi, halafu akamkumbatia Stachura mbele ya wote.

"Pasi ya kwanza, umbali na mshambuliaji, umemrekebisha yote! Stachura, una kipaji cha kufundisha."

"Nafanya ninachoweza," alisema Stachura, na hilo halikuwa uongo.

Jirani yake kwenye benchi, beki wa akiba Kip Wozny, alimpiga kiwiko. Kip alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyecheza pale tu mwenzake alipovunjika. "Hongera, mama mlezi. Ukimaliza kumnyonyesha huyo nami nipo."

"Wewe utanimaliza maziwa."

Januari tulikuwa safarini, hoteli ya kando ya barabara kuu, mechi jioni. Wakati wa kifungua kinywa habari zikafika: Huko Juu mabeki wawili wameumia jana, na leo wanahitaji mtu mmoja. Kwenye meza ya mabeki kila mmoja akaiweka simu yake karibu na uji wa shayiri, akijifanya haitazami.

"Ni wewe, dogo," alisema Kip na kumrushia Bodie kipande cha mkate. "Ukifika huko ulizia kama wana mashuka marefu. Ya hapa miguu yangu inalala nje."

"Labda si mimi," alisema Bodie, uso umekuwa nyanya.

"Basi ni nani? Stach?"

Meza nzima ikacheka. Stachura alicheka pia, sauti kubwa kuliko wote, na uji wake akausukuma pembeni.

Sasa, wachezaji wa hoki wana ibada moja tu wanayoishika sawasawa, nayo ni usingizi wa mchana kabla ya mechi. Baada ya tambi na kuku, pazia zinafungwa, na kwenye ukumbi wa vyumba hapiti mtu anayepaza sauti. Anayemwamsha mchezaji kwa kelele amemwita mkosi, na timu ikifungwa lawama ni zake. Hata kocha hutembea kwa soksi.

Stachura aliijua dini hiyo vizuri, akaitumia kama wanavyoitumia dini wajanja wote.

"Simu," alisema, mkono umenyooshwa.

"Lakini mzee, wakipiga?"

"Wakikutaka watakutafuta mpaka chini ya kitanda. Usingizi kwanza. Unataka ufike Huko Juu macho mekundu kama sungura?"

Bodie akatoa simu. Stachura aliizima, akaizima na yake ili haki ionekane, akazitia zote mbili ndani ya mfuko wa soksi chafu, mahali ambapo hata afisa forodha asingetia mkono. Akanyanyua mkonga wa simu ya hoteli akaulaza juu ya Biblia. Kijana akaziba masikio kwa vizibo, akageukia ukuta, akalala.

Stachura hakulala. Alikuwa anajua mambo yanavyokwenda: ndege ni moja, na wasipompata wanayemtaka upesi, wanamchukua anayepatikana. Hakumtakia kijana mabaya, alijiambia. Alimtakia achelewe tu. Wiki moja. Mwaka mmoja. Mpaka goti la Stachura litakapostaafu lenyewe.

Hodi ikabishwa mlangoni. Taratibu, kwa vidole, vile anavyobisha mtu anayeogopa mkosi. Stachura akautazama mlango. Hodi ikaja tena, pole kuliko ya kwanza. Halafu kimya, na soksi zikaondoka juu ya zulia.

Zikasimama mlango wa pili, kwa Kip Wozny, ambaye hakuwahi kulala mchana kwa kuwa mchana ndio wakati wa vipindi vya mapishi kwenye runinga. Kuta za hoteli ile zilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Minong'ono ya Denny, msaidizi wa kocha, ikasikika. Halafu kelele ya mtu mzima aliyesahau dini yake:

"Mimi? Mimi! Usinitanie, Denny, nitakupiga! MIMI?"

Masanduku yakaburutwa. Stachura akatabasamu gizani kwa meno aliyokuwa nayo, akaficha mkono chini ya mto, na akalala usingizi ambao hajawahi kuupata tangu Septemba.

Walipotelemka ukumbini wakiwa na mikoba yao, kocha Pellerin alikuwa amesimama kando ya mashine ya kahawa, amevaa sura ya msibani.

"Stach. Ulikuwa wapi?"

"Chumbani, kocha. Nimelala."

"Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi. Simu yako imezimwa, ya chumba haipatikani. Denny kabisha mara mbili, akadhani mmetoka."

"Ulikuwa unamtafuta dogo," alisema Stachura, na huruma aliyoitia kwenye sauti ingeweza kuuzwa.

"Dogo wa nini? Dogo wanamtaka acheze dakika ishirini na tano kila mechi hapahapa, akue. Wamwite akakae benchi kule awe mlinzi wa chupa za maji? Walitaka mtu mzima wa kujaza nafasi, asiyeharibika akikaa. Fenwick mwenyewe alisema, mpeni Stachura, kamlea vizuri yule mtoto, na avae jezi mara moja kabla hajafa." Kocha akashusha pumzi. "Ndege ilikuwa inaondoka. Nikampa Wozny. Samahani, rafiki yangu."

Stachura alitoa sauti ndogo, kama tairi linaloishiwa upepo.

Bodie alikuwa amesimama nyuma yake. Akamsubiri kocha aondoke.

"Mzee, mimi niliamka ile hodi ya pili. Kizibo kilikuwa kimetoka sikioni."

Stachura akabonyeza kitufe cha kahawa.

"Nikakuona uko macho, unatazama mlango. Nikajua unaniachia nilale. Nikasema moyoni, huyu jamaa ananipenda kweli, nikalala tena." Akatafuna mdomo. "Ulidhani ni mimi wananiita."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Basi nipe simu yangu."

Stachura akaingiza mkono kwenye mfuko wa soksi chafu mbele ya mhudumu wa hoteli, akaitoa. Kijana aliipangusa kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akatangulia kwenye basi, akakaa kiti cha mbele na dereva. Jioni hiyo walicheza pamoja vipindi vitatu bila kusemezana, na tukafungwa sita.

Huko Juu, Kip Wozny alicheza dakika nne. Tuliitazama mechi hiyo pale Lucky's, baa yetu. Alianguka mara moja peke yake, hakuna aliyemgusa, na baa nzima ikasimama kumpigia makofi. Alirudi Jumatatu na kofia ya timu kubwa, hakuivua. Aliivaa mazoezini, msalani na kanisani. Alianza sentensi zote kwa "Kule kwetu Juu". Hata maji ya bomba yakawa mabaya, kule yana limau.

Na hapo ndipo nafsi ya Stachura ilipofanya jambo ambalo wanasaikolojia wakae walieleze. Kijicho chake kilihama. Kilimwachia Bodie ndani ya siku moja, kikahamia kwa Kip na mizigo yake yote, kwa sababu kifua cha binadamu kina kitanda kimoja cha kazi hiyo. Alimchukia Kip hata namna alivyotafuna. Na mtu asiye na kijicho nawe anaweza kukufundisha. Baada ya wiki mbili za ukimya alimkuta Bodie akijifunga viatu, akakaa kando yake.

"Ile pasi, nilikupa ushauri ule ili watu wasikuinukie vitini. Sasa sikiliza wa kweli. Ukiona njia tupu, beba. Winga wao wa kushoto akigeuza kiuno, hiyo ndiyo njia."

Bodie akaacha kamba za viatu. "Huu nao una mtego?"

"Sina nafasi. Nimejaa Wozny."

Kijana alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika ubao wa benchi. Wakaanza upya. Stachura alimpa yote: namna ya kumsoma mtu kwa mabega, kona ipi ya uwanja wetu hurudisha kisahani kombo, lini upigane na lini ujifanye kiziwi.

Machi, mwewe alimjia Bodie mwenyewe. Stachura alimpeleka uwanja wa ndege asubuhi kwa gari lake lenye mlango mmoja usiofunguka.

"Utanitazama?" aliuliza Bodie.

"Pale Lucky's. Nitakuwa naomba uanguke."

"Najua, mzee."

"Si sana. Kidogo tu. Halafu uinuke."

Bodie akamkumbatia, akachukua fimbo zake, akaingia. Stachura alibaki ndani ya gari mpaka ndege ikapita juu ya paa la maegesho. Aliitukana kwa sauti ya chini, kwa Kiukraine cha bibi yake, kisha akarudi mjini.

Mazoezi yalikuwa yameshaanza. Kip Wozny alikuwa katikati ya barafu, kofia kichwani, akiwaeleza vijana wawili wapya jinsi taulo za Huko Juu zinavyopashwa moto. Stachura hata hakufunga kamba za viatu vizuri. Aliruka ubao unaozunguka barafu, akashika kasi ambayo hatujapata kumwona nayo tangu aje mji huu, akamzoa Kip, kofia, taulo na hadithi, akambandika kwenye kioo cha ukingo wa uwanja.

Watu wachache waliokuja kutazama mazoezi wakasimama wote.