Katoni ya Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkaguzi wa bei, Iringa, miaka ya sabini, nilifika na tai, shahada ya chuo kikuu na kitabu cha kanuni za bei nilichokikariri kama katekisimu. Mkaguzi Mkuu alinitazama viatu.

"Chuoni walikufundisha kuchakura jalala, kijana?"

"Hapana, mzee."

"Basi bado hujaanza shule."

Zahanati za kanisa zilinunua dawa kupitia wakala, mtu wa kati aliyeziagizia. Kwa kila katoni kumi za dawa fulani, kiwanda kilimpa ya kumi na moja bure, imepigwa muhuri: ZAWADI, HAIUZWI. Kanuni ilimtaka aionyeshe kwenye ankara ili bei ya zahanati ishuke. Wengine waliificha na kuiuza, tena wakasukuma dawa zenye zawadi nyingi, zihitajike zisihitajike. Ankara zao hazikusema lolote. Ndiyo maana Mzee alitutuma jalalani, kutafuta katoni tupu zenye muhuri huo.

Nilipohamishiwa Mbeya, wakala wa huko alinipokea kwa chai na ankara zisizo na doa. Nikazisaini, nikajiona hodari. Wiki ile ile nikapita Chimala, mpunga ukiwa mbichi na mbu wamejaa. Foleni ya akina mama wenye watoto wa homa ilizunguka zahanati. Mama Tumaini, muuguzi, alinifungulia kabati: dawa ya kikohozi, rafu hadi rafu. Kila alipoagiza ya malaria, alisema, wakala alimjibu hakuna, chukua hii.

"Wewe ndiye serikali, mwanangu. Kamwambie hapa hatukohoi."

Nikajitetea kwamba ankara zilikuwa sawa. Akarudi kwa wagonjwa wake. Nikaenda jalalani kwa aibu. Hapakuwa na kitu, maana katoni nzuri hakuna anayeitupa. Ndipo nikamwona kuku wa Mama Tumaini jikoni, ameatamia ndani ya katoni ya dawa ya kikohozi. Kwa kudonoadonoa alikuwa amebandua karatasi iliyogandishwa ubavuni. Chini yake: HAIUZWI.

Nilimwambia Mama Tumaini huo ndio ushahidi, ila ningeweza kusubiri vifaranga waanguliwe. Akatazama foleni. Akamwinua kuku, akayahamishia mayai kwenye beseni.

"Chukua. Hawa hawawezi kusubiri."

Wakala alipoiona katoni mezani, aliorodhesha zawadi zote. Zilipokosa faida kwake, akakumbuka kuagiza dawa ya malaria. Mzee aliniandikia kutoka Iringa kwamba angalijua, angalimwajiri kuku kabla yangu. Barua hiyo ninayo bado.

Lakini kuku alilikataa beseni; mayai yote kumi na mawili yakaharibika. Nikamwahidi mama vifaranga.

"Tangu lini serikali ikafuga kuku?" akacheka.

Niliporudi Chimala, baada ya kuhamishiwa vituo vingine viwili vya kazi, alikuwa amehamishwa. Hakuna aliyejua wapi.

Sasa nimestaafu, nipo Ilomba, hapa Mbeya, nafuga kuku. Nazikumbuka safari zile kuliko vyeo vilivyofuata. Jana vifaranga kumi na wawili walianguliwa. Nikawahesabu mara mbili, kisha nikabaki nimesimama, kapu mkononi.