Waliolala Zizini Kimali

Hadi leo nikinusa pamba ya guniani, namwona Guku, babu yangu, akipapasa humo kuitafuta Biblia yake. Aliificha kwenye pamba isiliwe na mchwa. Alasiri zilikuwa nzito, nyuzi nyeupe zikielea mwangani, nami nilipiga chafya kwanza ndipo nisome.

Guku hakujua kusoma, na alichotaka kusomewa, jamani, wala si Daudi na Goliathi. Alitaka majina! Fulani mwana wa fulani, ukurasa mzima, hasa wale waliorudi kwao kutoka uhamishoni Babeli. Nikichoka niliruka mistari, kumbe alishayashika yote kichwani.

"Ng'wanone, mwanangu, umemwacha mtu njiani. Rudi ukamchukue."

Nikifunga kitabu, alinitajia wa kwetu: Masanja, Luhende, Shigela, Nkwabi. Wote walizikwa zizini Kimali, kwetu kwa asili, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nami niliyarudia huku nasinzia.

Likaja soko huria. Malori ya wanunuzi binafsi yakafika hadi mashambani, kila mtu akataka ardhi ya pamba. Ikasemwa anayetaka kurudi kwao arudi. Tulipofika Kimali, jirani alikuwa amelima hadi ndani ya ua wetu wa minyaa, zizi lote. Wazee wakaitwa. Wakamwambia Guku, kama hapa ni kwenu, taja waliolala hapa.

Akasimama katikati ya pamba. "Masanja. Luhende. Shigela."

Akaishia hapo. Akatazama chini, miguuni pake.

"Amesahau," mmoja akanong'ona.

Niliogopa mno. Tungerudi tulikotoka, basi tena! Nikasahau kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa.

"Guku, umemwacha mtu njiani! Nkwabi!"

Guku akakaa chini, akalia. Yule jirani akavua kofia. "Nkwabi nilimbeba mimi mwenyewe hadi kaburini," akasema. "Nikishavuna, rudini kwenu."

Miaka mingi nilitamba kwamba mimi ndiye niliyemkumbusha Guku, mzee wa watu aliyesahau. Sasa nami nimezika mtoto. Nkwabi alikuwa mwana wa kwanza wa Guku. Mbele yangu, alasiri zile, aliweza kulitaja jina lake. Pale, miguu yake ikiwa juu ya kaburi lililopandwa pamba, halikupita kooni. Guku hakuwa amemsahau mtu.