Sanduku la Noeli katika Friza Namba Saba

Kila asubuhi Faida hupanda treni Doonside, ugenini kusini kabisa mwa dunia, kisha basi, akiwa amevaa fulana mbili, sweta na soksi za sufu, hata katika joto la Januari. Abiria wenzake humtazama kwa huruma. Hawajui kwamba mama huyu wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Bukavu, ambaye wenzake humwita Mama Ketsia kwa jina la mwanawe, anafanya kazi katika ghala la baridi huko Wetherill Park, na kwamba siku nzima atatembea kati ya samaki, njegere na keki zilizoganda kama jenerali anayekagua gwaride.

Mwisho wa ghala kuna friza namba saba, isiyo na chakula. Humo, katika baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, chuo kikuu kimoja kimekodi nafasi ya kuhifadhi bahari. Si bahari nzima, bali masanduku sita ya karatasi zilizochuja maji ya Antaktika na kunasa viumbe wasioonekana kwa macho. Mtafiti wa chuo hicho, Daktari Achola, binti wa Kisumu, alimweleza Faida habari zao tangu mwaka wa kwanza, wote wawili wakitetemeka mlangoni.

"Kiangazi kule jua halizami, mama. Barafu inayeyuka, mwani mdogo unaongezeka kwa fujo, halafu bakteria wanakuja kula mabaki yake. Karatasi inatoka kijani. Kipupwe giza linaingia miezi mizima, mwani unaisha, wanabaki vijidudu wengine wanaojua kuishi bila mwanga. Karatasi inatoka nyeupe."

"Na hao wa giza hawalalamiki?"

"Hawalalamiki."

"Basi hao ni watu wa Bukavu."

Tangu siku hiyo Faida aliyalinda masanduku yale sita kama ya kwake. Kila moja lilikuwa na tarehe ya kuchota maji, lakini tarehe hazikumkaa kichwani. Alikulia parokiani, na kwake mwaka haukuwa na namba, ulikuwa na sikukuu. Kwa hiyo alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika chini ya kila sanduku sikukuu iliyokuwa karibu na tarehe yake: Noeli, Majivu, Pasaka, Pentekoste, Kupalizwa, Watakatifu Wote. Hakumwambia mtu. Hakuna aliyeuliza.

Miaka mitatu alikuwa kibarua wa kuitwa kwa ujumbe wa simu. Mwezi Desemba meneja, Bwana Gavin, alimwonyesha barua ya ajira ya kudumu. Ilibaki sahihi tu.

Ndipo akaja Henrik.

Henrik alikuwa mtaalamu wa mifumo, aliyetumwa na makao makuu ya kampuni, kaskazini kabisa ya Ulaya. Alikuwa kijana mwenye adabu, anayeshukuru hata mlango unapojifungua wenyewe. Aliona tarehe kwenye masanduku akahuzunika. Tarehe, alisema, zinachanganya wafanyakazi. Programu yake ilizisoma zote, ikazigeuza kuwa majina ya misimu, kisha ikazifuta kwa sababu zilikuwa zinachukua nafasi. Faida aliagizwa kubandua lebo za zamani na kubandika mpya: KIPUPWE, KIANGAZI, na kadhalika. Alibandika kama alivyoambiwa.

Wiki mbili baadaye Achola aliagiza masanduku mawili yapelekwe maabara. Lililoandikwa KIPUPWE lilikuwa na karatasi za kijani kibichi. Lililoandikwa KIANGAZI lilikuwa na karatasi nyeupe kama shuka za hospitali. Chuo kiliyarudisha masanduku pamoja na barua: ama maisha ya baharini yamepinduka, ama kuna mtu amechanganya masanduku.

Makao makuu yalijibu kwamba mfumo haukosei. Basi amekosea mtu, na mwenye ufunguo wa friza namba saba alikuwa mmoja.

Balthazar, dereva wa foklifti, kigari cha kuinulia mizigo, alimfuata kwenye njegere. "Mama Ketsia, wanakuita ku biro. Ile mzungu ya kompyuta iko pale, na barua yako iko mezani."

"Imesainiwa?"

"Imegeuzwa kifudifudi."

Faida aliweka chini katoni ya njegere. Kisha akasema, "Papa Balthazar, nibebee yale masanduku mawili. Weka barafu kavu."

Ofisini kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na moja. Bwana Gavin alikuwa amevaa kaptura. Henrik alikuwa mwekundu shingo nzima, pua inambambuka kwa jua, na juu ya karatasi aliyoishika iliandikwa: Ratiba ya Kipupwe, Januari. Achola alikaa pembeni, hajui amtazame nani.

"Faida," Gavin alisema, "hatukulaumu. Tunataka tu ukiri."

"Nikikiri, barua inakuwaje?"

Gavin alitazama barua iliyolala kifudifudi. "Itabidi kuifikiria upya."

Faida alivaa glavu, akainua sanduku lililoandikwa KIPUPWE, akaligeuza. Chini yake, kwa wino mweusi: NOELI.

"Bwana Henrik, kwenu Noeli kukoje?"

Henrik aling'aa kwa kumbukumbu. "Theluji! Giza saa tisa mchana. Mishumaa."

"Na hii ya juzi, ulikula wapi?"

"Ufukweni," alisema Henrik, akigusa pua yake. Kisha mkono ukabaki pale pale puani.

Achola aliruka kitini, akaligeuza la pili kwa kitambaa. KUPALIZWA. "Agosti! Mama Ketsia, hii ni katikati ya Agosti! Kule kusini Agosti ni kipupwe, giza na barafu tupu!" Akacheka mpaka akashika meza. "Wiki mbili nimekuwa naandika kwamba bahari imepinduka. Kumbe hata mimi niliamini lebo kwa sababu imepigwa mashine."

"Programu imeandikwa kwa matumizi ya dunia nzima," Henrik alisema polepole.

"Nusu yake," alisema Balthazar kutoka mlangoni.

Makao makuu yalitafakari jambo hilo kwa uzito. Yaliunda kamati. Kamati iliona kwamba tatizo lilitokana na upungufu wa uelewa wa misimu miongoni mwa wafanyakazi wa ghala, ikaandaa mafunzo ya lazima ya saa mbili. Mwalimu alikuwa Henrik. Alichora dunia, akaiinamisha, na alipofika kwenye Januari alimtazama kwanza Faida. Faida akatikisa kichwa kukubali, naye akaendelea.

Barua ya ajira ilisainiwa wiki hiyo hiyo, ikiwa na kifungu kipya: ni marufuku kuandika kwa mkono juu ya sanduku lolote. Faida aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Chini si juu.

Siku hizi masanduku yana lebo za tatu, mistari myeusi isiyosomeka bila mashine. Mashine imeharibika tangu Machi. Achola akihitaji kitu hupiga simu.

"Mama, shikamoo. Nitolee Pentekoste na Watakatifu Wote."

"Marahaba, mwanangu. Dakika tano," Faida hujibu, huku akifunga zipu ya koti.