Vipande Vitatu Alivyochagua

Muhsina, akiwa jikoni kwao mtaani Darsait, humtazama bintiye ukumbini. Binti hukaa mbele ya kompyuta akipitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, kimoja kimoja, kahawa ikipoa pembeni. Kazi yake ni kubashiri kwa hesabu vipande gani vya polima, ndugu wa plastiki, vikitiwa majini vitajikusanya vyenyewe viwe vijitufe vidogo kuliko vumbi, vya kubebea dawa mwilini.

"Mpiga ramli wangu," Muhsina humtania.

"Ramli haikaguliwi, mama. Mimi nnakaguliwa."

Safari hii, kati ya vipande mia tatu alichagua vitatu tu, na maabara ikakubali kujaribu hivyo peke yake. Akikosea, nani atamsikiliza tena? Alhamisi asubuhi simu ikalia, na sauti ya mkuu wa maabara ikajaa ukumbini.

"Mabruk, hongera! Viwili vimejikusanya barabara!"

"Na cha tatu?" binti akauliza.

"Kimefanya donge tu. Hicho tusikitaje."

Kidole gumba kikatulia. "Hapana, ustadh. Kiandikwe kwenye ripoti, tena kiwe cha mwanzo. Nimekosea, na nnataka kujua wapi."

Akakata simu, akavuta kiti, akakirudia kile kilichomshinda. Nyuma yake Muhsina akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

"Mama! Hukusikia kwamba kimoja kimeharibika?"

"Nimesikia, mwanangu. Hicho ndicho nnachokipigia."