Alichagua kwa Meno

Mpunga ukishaanikwa siku tatu, Nyirabahire huchukua punje moja, huitoa ganda kwa kucha, huiweka kwenye meno ya pembeni na kuiuma. Ikipasuka kwa mlio, mpunga umekauka na watu wa magunia waitwe. Ikibonyea, mpunga urudi juani. Hakosei, na anajua kwamba hakosei, ndiyo maana kuwa jirani yake kunataka moyo. Mimi nimekuwa jirani yake hapa Bugarama miaka kumi na mmoja, tangu nilipohama Bukavu na kuanza kuvuka mpaka wa Kamanyola kuuza vitenge vyangu, na kwa muda wote huo sijawahi kumsikia akisema neno moja dogo: nilikosea. Kosa likitokea, basi ni la mvua, la mbolea, au langu.

Mchezo wa visahani uliletwa na Jean Paul, mwalimu wa michezo. Alikuwa na vikapu vitatu vya chuma vilivyochomelewa na fundi wa Kamembe, kila kimoja juu ya mlingoti, kimezungukwa na minyororo ya baiskeli inayoning'inia. Unasimama mbali, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia na kurusha tena, mpaka kigonge minyororo na kudondokea kikapuni. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi Jean Paul alivipeleka vikapu Bweyeye, ya pili Gashonga, ya tatu vilikuwa kwetu, na ya mwisho, kama kila mtu ajuavyo, ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji.

Nyirabahire alikwenda mara ya kwanza kwa sababu ya bega. Alikuwa ameteleza kwenye tuta la shamba, bega likagoma, na muuguzi akamwambia autumie mkono asiulaze. Bega lilipona ndani ya miezi minne. Kwenda hakuacha. Nilimtania kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anayefukuzana na vifuniko vya ndoo labda ameugua sehemu nyingine. Hakucheka. Alikuwa akipepeta mchele, akasimamisha ungo.

"Josiane, kwa shamba niko Mama Cassien," akasema. "Kwa kanisa niko Mama Cassien. Cassien mwenyewe alisha oa, ako na batoto batatu, na mimi ningali Mama Cassien. Kule kwa vikapu tu ndiko bananiitaka jina yangu."

Ilikuwa kweli. Jean Paul alikuwa na daftari, na kila mchezaji aliandikwa kwa jina lake, kisha zamu ikifika akaitwa kwa sauti. Nilikuwa nimemwona rafiki yangu akiitwa "Nyirabahire" uwanja mzima ukisikia, akitoka mbele na kujifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea. Tangu siku ile sikumtania tena kuhusu mchezo. Kuhusu mengine niliendelea.

Sasa kuna kisahani cha kurusha mbali na kuna kile cha kumalizia, unachotupia kikapuni ukiwa hatua chache tu. Cha kumalizia ndicho kinachompa mtu ushindi au aibu. Jean Paul alituachia viwili vya namna hiyo: cha njano, cha plastiki ngumu, na chekundu, cha plastiki laini. Wengine walivipima kwa kuvitupa kwenye shina la mgomba. Nyirabahire aliviacha juani kidogo, akavikusanya, akauma ukingo wa cha njano, akatafuna hewa, kisha akauma ukingo wa chekundu. Cha njano, akatangaza, kina mbonyeo wa kiasi, kitashika minyororo. Chekundu ni chapati. Watu walicheka, lakini alipotupa ilikuwa vilevile alivyosema. Katika joto la Bugarama chekundu kilikunjika mkononi na kuanguka njiani, cha njano kikaingia.

Mimi nikakichukua chekundu nikakifanya sahani. Kina ukingo mzuri, mchuzi haumwagiki.

Mwaka jana Jean Paul alihamishiwa Nyagatare, upande mwingine kabisa wa nchi. Vikapu hangeweza kuvibeba, na hakutaka kuvigawa, kwa kuwa kikapu kimoja kimoja kingeishia kuwa tundu la kuku. Akasema kila moja ya sekta zetu tatu itoe mchezaji mmoja, na sekta itakayoshinda ibaki na vyote vitatu. Kura ya uwanja ikaangukia Bweyeye. Kwa sababu wageni hulalamikia uwanja na wenyeji hulalamikia wageni, wakakubaliana mapema kwamba mwenyeji na mgeni wakilingana, vikapu vitakaa kwa wenyeji.

Bugarama ilimtoa Nyirabahire. Wiki ile hakulala vizuri, najua kwa kuwa alikuwa akinigongea alfajiri kuniuliza mambo ambayo hayakuwa na haja ya kuulizwa. Siku yenyewe tulipanda pikapu ya kukodi, yeye, mimi, karani wa sekta na vikapu, tukapanda milima kwa barabara ambayo sitaieleza, kwani kiuno changu bado kinaikumbuka. Nilibeba bugali ya muhogo na sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, pamoja na sahani yangu nyekundu.

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Bweyeye. Tulishuka kwenye ukungu uliotoka msitu wa Nyungwe, na baridi ikatuingia hadi ndani ya viatu. Watu wa pale walikuwa wamevaa makoti mazito. Sisi tulikuwa tumevaa kama watu wa Bugarama.

Walipangiwa mizunguko mitatu, vikapu vitatu kila mzunguko. Mchezaji wa Gashonga alipotea mapema, akabaki Nyirabahire na msichana wa Bweyeye aitwaye Gasaro, mpole, miguu mirefu, anayesema samahani kabla ya kukushinda. Kwa kurusha mbali rafiki yangu alikuwa sawa naye. Shida ilikuwa pa kumalizia. Cha njano kiligonga minyororo katikati kabisa, kikalia kama kigae, kikaruka nje. Mara ya kwanza akalaumu minyororo. Mara ya pili akalaumu upepo, na upepo haukuwepo. Mara ya tatu akaniangalia mimi.

Baada ya mizunguko miwili alikuwa nyuma kwa mirusho miwili, tukakaa chini ya paa la darasa kula. Nikaweka bugali na sambaza kwenye kisahani chekundu katikati yetu. Alikula kidogo. Kilipobaki cha mwisho akakiinua kisahani apanguse mafuta kwa tonge, na kidole gumba kikabaki pale ukingoni, kikibonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akakipeleka mdomoni akauma ukingo, polepole, kama anavyouma punje.

Nilimwona akielewa, na nilimwona akikataa. Alikuwa amesema mbele ya Bugarama nzima kwamba kile ni chapati, na sasa nilikuwa nimekula chakula ndani yake mwaka mzima. Akakirudisha chini, akanawa mikono, akaenda uwanjani na cha njano. Mimi ningesema kitu. Nilinyamaza kwa sababu namjua, ukimwonyesha njia anachukua nyingine, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Mzunguko wa tatu Gasaro aliteleza kwenye matope kwenye kikapu cha saba, yaani cha kwanza cha mzunguko huo, kisahani kikamponyoka, akapoteza mirusho miwili, wakawa sawa. Kwenye cha nane bado walilingana. Kwenye cha tisa, cha mwisho, Gasaro alimaliza kwa minne. Nyirabahire alikuwa amerusha miwili, na kisahani chake kilikuwa kimelala hatua nane kutoka kikapuni. Jean Paul akaeleza kwa sauti ili pasiwe na ubishi baadaye. Akiingiza sasa hivi, ameshinda kwa mrusho mmoja. Akikosa huu na kuingiza unaofuata, wamelingana, na vikapu ni vya Bweyeye.

Nyirabahire alisimama na cha njano mkononi. Alikiangalia muda mrefu hadi mtu mmoja akakohoa. Kisha akageuka.

"Josiane," akasema, "leta sahani."

Nilidhani amerukwa na akili kwa baridi. Nikaenda nayo mbio, na kwa kuwa bado ilikuwa na mafuta ya sambaza, niliipangusa kwa kitenge changu kipya, cha kuuza, mbele ya watu wote. Jean Paul akaja akamwomba kwa upole asibadilishe kitu dakika ile, mkono ulishazoea cha njano. Yeye akauma ukingo wa cha njano. Akauma ukingo wa chekundu. Watu wa Bweyeye, ambao hawakuwa wamemwona na mpunga wake, walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mwalimu, hii ya njano ilisha kauka," akasema. "Hii nyekundu ndiyo inabonyea sawasawa. Nilichaguaka kwa jua ya Bugarama, na hapa jua haiko." Akamaliza taratibu, akiniangalia mimi, si mwalimu. "Nilikosea."

Miaka kumi na mmoja. Nilisahau baridi.

Akaweka mguu mbele, akakunja mkono kifuani, akautoa kwa kifundo kilekile anachopepetea mchele. Chekundu hakikwenda kwa kasi. Kiligonga minyororo bila kelele, kikajikunja kidogo, kikateremka taratibu hadi kikapuni. Harufu ya sambaza lazima ilibaki humo, kwa maana mbwa mmoja wa pale alikuja kusimama chini ya kikapu akaangalia juu.

Gasaro ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono, akasema samahani, kwa mazoea. Nilipomfikia rafiki yangu nililia, sifichi.

Kisha karani wetu wa sekta akatoa karatasi ya kupokea vikapu. Ilitaka jina la mtu atakayevitunza na kuwaita watu mchezoni kila Jumamosi. Wote walimwelekeza kwa Nyirabahire bila mjadala. Karani akaegemeza karatasi kwenye mlango wa pikapu na kuanza kuandika, huku akijisomea kwa sauti: Mama Cassien, kijiji cha…

Nyirabahire akaweka kidole juu ya karatasi, karani akashindwa kuendelea.

"Andika Nyirabahire," akasema.

Karani akafuta, akauliza linaandikwaje, kwa kuwa alikuwa amemfahamu miaka yote bila kuliandika hata mara moja. Nyirabahire akamtajia herufi moja moja, na hakuondoa kidole mpaka ya mwisho ilipokaa mahali pake.

Njiani tulikula sambaza zilizobaki. Niliomba sahani yangu, akanikatalia, alikuwa ameishika mapajani kwa mikono miwili. Nikala zangu kiganjani hadi Bugarama.