Aliponda mchezo wa kompyuta, akakwama kwenye kasi ya mdogo wake

Ni saa moja na dakika tano asubuhi. Mlango wa chuma wa duka umeinuliwa nusu, na Abigail Ayuma ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kwenye kompyuta iliyo mbele yake, Isiukhu Stars inaongoza bao moja kwa nunge, dakika ya sabini. Kocha ni yeye. Anamtoa beki, anainuka, anaketi, anajuta kumtoa.

"Angalia hapo juu," anasema akigonga kioo kwa kalamu. "Mechi Kakamega, mwezi wa nane, saa tisa mchana. Wameandika jua kali. Hii jua walitoa wapi?"

Anaandika sentensi mbili kwenye daftari, kisha anauzima mchezo kabla kipenga cha mwisho hakijapulizwa. Mteja wa kwanza ameshainama chini ya mlango na bahasha mkononi.

Ayuma, mwenye umri wa miaka 28, ni karani wa duka la kompyuta karibu na soko la Kakamega. Mchana kutwa anachapa barua, anatoa nakala, anawajazia watu fomu za serikali mtandaoni, na kuwaeleza wazee kwa upole kwamba neno la siri halifai kuwa jina la mjukuu. Analipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Hilo halimkoseshi usingizi sana. Linalomkosesha ni mpira.

Kwa miaka mitatu sasa, kwenye blogu yake, amekuwa akichambua mchezo mmoja wa kompyuta uitwao Benchi la Ufundi, uliotengenezwa na kampuni ndogo ya vijana jijini Nairobi. Humo mtu hapigi mpira. Anakuwa kocha: anasajili, anapanga kikosi, anapiga hesabu za ligi, anafutwa kazi. Kila mchezaji ana nambari kuanzia moja hadi ishirini za kasi, pasi, nguvu na mengineyo, na timu ni za humu humu nchini, hadi zile za ligi za chini ambazo hata redio hazizitaji.

Mchezo ulipotoka, wengi waliusifu. Wachambuzi wa Nairobi waliupa alama nane kwa kumi, wakasema umewatoa Wakenya kwenye utumwa wa ligi za ng'ambo. Ayuma aliupa nne. Wala hakumung'unya maneno.

"Wachezaji wa mchezo huu hawana mama, hawana shangazi, hawana jirani," aliandika. "Msimu mzima hakuna hata mmoja anayekwenda matanga. Hii ni timu ya wapi?"

Ukimsikiliza Kochi Shitanda wa Isiukhu Stars, utaona hakutia chumvi. Kochi huyu ana miaka 51, na amefundisha timu hiyo tangu ikiwa ya mtaa. "Mimi napanganga timu Jumamosi asubuhi," anasema. "Ijumaa huwezi. Kwanza nijue nani amefiwa. Mwaka jana tulicheza watu tisa, wengine walikuwa mazishi Khayega. Na hiyo mechi tulishinda."

Ayuma aliendelea kuuchana. Mashabiki wa mchezo huo hukaa kimya kama wako maktaba, hakuna hata ngoma ya isukuti. Kocha hufutwa baada ya sare mbili, kana kwamba kuna foleni ya watu wanaoitaka kazi hiyo. Lakini hasira yake kubwa ilikuwa kwa mvua. Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, na mechi nyingi huanza saa tisa. Uwanja hugeuka matope, mpira hukwama, winga mwepesi hujikuta sawa na beki mzito. Katika Benchi la Ufundi, uwanja ni mkavu mwaka mzima.

"Anayempima mchezaji wa hapa bila kuhesabu matope hajampima," aliandika. Watu elfu sita waliisoma makala hiyo. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kumtoa jasho.

Mwezi wa sita simu yake iliita. Alikuwa Natasha, anayesimamia takwimu za mchezo huo kule Nairobi. Ayuma alijiandaa kutukanwa.

"Nilidhani anataka nifute," anakumbuka. "Akaniambia, 'Si ni wewe unaijua Kakamega? Basi tuandikie Kakamega.' Nikachukua daftari."

Alikabidhiwa klabu nane na wachezaji 190. Kazi yake ilikuwa kuwatazama, kuwapima, na kuwapa nambari mpya kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane, saa kumi na moja jioni, orodha inapofungwa kwa msimu mzima. Aliomba ruhusa ya Jumamosi kazini, akapewa. Akanunua buti za mpira na mwavuli.

Mtu anaweza kusema ni mchezo tu, kuna haja gani ya kujitesa. Shitanda anasema msimu uliopita vijana wake wawili waliitwa kufanya majaribio na klabu za daraja la juu, na waliopiga simu walikuwa wameanza kwa kuwasoma kwenye mchezo huo. Ligi hizi hazina kamera wala kumbukumbu. Orodha ya Benchi la Ufundi, pamoja na jua lake la kubuni, ndiyo karatasi pekee inayowataja vijana hawa kwa majina.

Na mmoja wa vijana hao ni Wesley, mdogo wake Ayuma, winga wa kushoto wa Isiukhu Stars. Ana miaka 22. Wanakaa nyumba moja ya kupanga mtaa wa Shirere, yeye na dada yake. Katika orodha ya mwaka jana, kasi yake ilikuwa 15. Klabu moja ya Eldoret ilikuwa imempigia, ikamwambia itangoja orodha mpya itoke, ndipo imwite kwa majaribio.

Ayuma alimtazama Wesley katika mechi tatu, akapima mbio zake kwa simu. Akampa saba.

"Nilikaa na hiyo saba siku mbili," anasema. "Nikaifuta, nikairudisha. Nilijiambia, nikimwongezea kwa sababu tumenyonya titi moja, basi hata hizo zingine 189 ni uongo."

Kwa utaratibu wa kampuni, rasimu ya orodha hutumwa kwanza kwa makocha waikague. Kutoka kwa makocha ikafika kwa wachezaji kabla chai haijapoa. Jioni hiyo Wesley alirudi nyumbani, akapakua obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akaenda kula nje. Tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake. Wiki tatu nzima walipishana mlangoni kama wapangaji wawili wasiojuana.

Ayuma si mtu wa kustahimili kimya. Akawa anaamka kabla ya wakati, anafua nguo zilizo safi, anafungua duka mapema kuliko mwenye duka anavyotaka. Mechi za kwenye kompyuta akawa anazianza tu, hazimalizi.

Kisha, Jumanne ya wiki ya mwisho, ukaja ujumbe kutoka Lumakanda. Kipkoech ni mwalimu anayefundisha timu ya huko, na ni msomaji wa Ayuma wa tangu zamani. Ndiye aliyezoea kumbishia chini ya kila makala, akiutetea mchezo kwa alama zake nane. Naye alikuwa ametumiwa rasimu.

"Madam Ayuma," aliandika, "zile mechi tatu ulizompima winga wa Isiukhu zilichezwa saa ngapi?"

Ayuma alizitafuta tarehe. Zote saa tisa. Zote kwenye mvua. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na mwavuli na buti.

Kosa aliloliponda mbele ya watu elfu sita ndilo alilolifanya, tena kwa mdogo wake. Mwaka jana Wesley alipimwa mwezi wa kwanza, uwanja mkavu. Mwaka huu amepimwa kwenye matope, na nambari mbili zikawekwa pamoja kana kwamba zinatoka uwanja mmoja. Ayuma anasema alisikia aibu hadi masikioni. Halafu, anakiri, alisikia furaha. Hakuwa na ushahidi kwamba Wesley amepungua. Angeweza kumpima upya, aifute ile saba, na nyumbani mazungumzo yarudi.

"Nilimpigia Kochi kabla sijamaliza kusoma," anasema.

Alhamisi, saa moja asubuhi, walikutana kwenye uwanja wa shule ya msingi. Jua lilikuwa limetoka na nyasi zimekauka. Shitanda alihesabu mita arobaini kwa hatua, kisha akazihesabu tena kwa kamba. Wesley alikuja mwisho, mikono mfukoni. Kochi ndiye aliyemwita, na kochi huwezi kumkatalia. Alikuwepo pia Cleophas, winga wa kulia, wapate wa kumlinganisha naye. Katika matope wawili hao walikuwa wakipishana kidogo tu.

Cleophas alikimbia kwanza. Sekunde tano na nukta tatu.

Wesley akakimbia. Ayuma aliitazama simu, akadhani amechelewa kubonyeza. Akamwomba arudie, na Wesley akarudia. Mara zote mbili ilikuwa sita na nukta nne.

Hapo hata mimi mwandishi, niliyekuja na kalamu tu, nilielewa. Matope hayakuwa yamemwonea Wesley. Yalikuwa yanamficha. Uwanja ukiloa, wachezaji wote huwa wazito, na aliye mzito zaidi haonekani. Mkavu haumfichi mtu.

Wesley aliketi kwenye nyasi, akashusha soksi iliyopanda juu ya goti la kushoto. Goti lilikuwa limevimba upande wa ndani.

"Ni tangu mwezi wa nne," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake baada ya wiki tatu. "Ile siku tulicheza na Sigalagala. Nilianguka vibaya."

"Na hukusema?"

"Ningesema mngenikalisha benchi. Mvua ikinyesha nachezanga tu, hakuna mtu anaona."

"Sasa mbona ulikasirika na mimi, Wesley?"

"Sikukasirika. Ungeandika mbili ningecheka. Uliandika saba. Nikajua umeona, nikaogopa ungeniuliza."

Ayuma hakuwa ameona chochote, na aliniambia hilo baadaye kwa sauti ya chini, kama anayekiri kanisani. Alikuwa amepata nambari iliyokaribia ukweli kwa njia isiyo sahihi. Kwa kipimo cha uwanja mkavu, Wesley alistahili nne. Ukiwa na nne, hakuna klabu ya Eldoret wala ya popote itakayopiga simu, na orodha haifunguliwi tena hadi msimu ujao.

Alipofika dukani alimpigia Natasha. Hakuomba huruma, aliuliza sheria. Natasha akamweleza kwamba aliyeumia hapimwi. Hubaki na nambari yake ya zamani na alama nyekundu kando ya jina, hadi apone apimwe upya. Lakini iwe ni jeraha la kweli, na barua ya daktari ifike kabla ya saa kumi na moja Ijumaa.

Kumbe shida ikawa Wesley mwenyewe. Jioni ile alikataa katakata. Alisema daktari akimshika goti atamwambia aache mpira, na asipoambiwa hajaacha. Alisema heri nne. Waliongea hadi chai ikapoa, na Ayuma anasema pale ndipo alipoacha kubishana kama mchambuzi.

"Nilimwambia, mimi sitaki kujua nambari. Nataka kujua kama utatembea vizuri ukiwa na miaka arobaini. Nikaanza kulia. Mimi si mtu wa kulia, muulize yeyote."

Wesley alimwambia alale, waondoke mapema.

Ijumaa walikuwa kwenye foleni ya hospitali kabla ya saa mbili. Ayuma hakukaa kwenye benchi hata mara moja. Alisoma matangazo yote ukutani, akayarudia. Daktari alisema kano ya goti imechanika kidogo, haijakatika. Miezi sita ya mapumziko na mazoezi ya viungo. Baada ya hapo wataangalia. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Saa tisa mvua ikinyesha nje, Ayuma alituma orodha yake pamoja na barua ya daktari kutoka kwenye kompyuta ya dukani, jina la Wesley likiwa na 15 yake ya zamani na alama nyekundu kando. Pembeni ya wachezaji wote waliopimwa kwenye matope, aliongeza maelezo kwamba uwanja ulikuwa umeloa, na kuomba wapimwe tena. Ilimfunika aibu, lakini aliandika, na kesho yake akachapisha makala kueleza kosa lake mbele ya wasomaji wale wale. Kipkoech alijibu kwa neno moja: asante.

Klabu ya Eldoret haikungoja kusoma. Wesley aliwapigia mwenyewe, akawaambia ameumia tangu mwezi wa nne na alikuwa anaficha. Wakasema sawa.

Sasa asubuhi Wesley hulala chali sebuleni akiinua mguu polepole, mara kumi, anapumzika, mara kumi tena, huku dada yake akihesabu kwa sauti na kuchelewa kazini. Mpango wao ni mmoja. Mwezi wa tatu mwakani watarudi kwenye uwanja ule wa shule, asubuhi, pakiwa pakavu, na Ayuma atabonyeza saa.

"Ikitoka nne nitaandika nne," anasema Ayuma. "Anajua."

Wesley, akiwa bado chali sakafuni, hafungui macho.

"Aandike tu," anasema. "Lakini siku hiyo asinipime mara moja. Anipime mara mbili."