Kijana Aliyeuliza Kama Alirudi

Sikuwa nimekunywa. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo watu wananiuliza kwanza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho. Mimi pombe niliacha mwaka niliostaafu jeshi. Homa sikuwa nayo, usingizi sikuwa nao, na jua lilikuwa bado halijazama. Kama unataka kucheka, nicheke sasa tumalize, halafu unisikilize vizuri, maana jambo hili limenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora.

Mwenzangu anaitwa Kasanda. Tulikuwa wote kwenye vita vya Kagera, mimi dereva wa lori, yeye kwenye mzinga wa kutungulia ndege. Tulipostaafu yeye akafungua karakana ya useremala pembeni ya mji, kwenye njia inayoelekea Kwihara, ile ile waliyopita misafara ya zamani. Anatengeneza vitanda na makabati ya mninga. Mimi sijui useremala, lakini nyumba yangu haiko mbali, na mke wangu alishafariki, kwa hiyo mchana wangu mwingi unaishia pale.

Mambo ya ndege yalianza kwa mchezo. Siku moja Kasanda aliokota kipande cha mbao, akakichonga huku tunaongea, mara kikawa helikopta. Tukacheka kama watoto. Akachonga nyingine, mimi nikawa napiga msasa na kupaka rangi. Mabawa tulikata kwenye bati la debe la mafuta ya kula, vioo tukatoa kwenye chupa za maji. Mikono ikiwa na kazi, mdomo nao unafunguka. Niamini, mambo ambayo hatukuwahi kuwaambia wake zetu tuliyasema pale, juu ya benchi lile. Mvua za kule, matope yanayomeza buti na kubaki nayo. Ndizi za kuchemsha bila chumvi mpaka ukiona mgomba unageuza uso. Kasanda alinisimulia jinsi alivyolia siku aliyoletewa barua ya kuzaliwa binti yake, akajificha nyuma ya masanduku ya risasi ili vijana wake wasimwone. Miaka yote hiyo sikujua kama Kasanda aliwahi kulia.

Halafu akasema tutengeneze ile ndege. Hakuhitaji kunieleza ipi. Ile ya adui, ya kutupa mabomu, iliyotujia asubuhi moja tukiwa karibu na mto. Nilimuuliza anaitakia nini. Akasema, "Niliipiga sana na sikuipata. Nataka niishike."

Mjukuu wake alimtafutia picha kwenye simu. Ndege ndefu, pua kali, injini mbili zimekaa juu kule mkiani. Tukapiga hesabu ya kuipunguza, kila mita ikawa sentimita mbili, na Kasanda akachonga na kimtu cha mti, kifupi kuliko kidole changu kidogo, akakisimamisha pembeni ya gurudumu. "Ili tujue tulikuwa wadogo kiasi gani," alisema. Siku hiyo hatukucheka.

Sasa inabidi nikwambie habari za Damiano. Damiano alikuwa mtoto wa Goweko, vituo vichache tu vya reli kutoka kwetu, na tuliondoka Tabora siku moja kwenye behewa moja. Kijana mwenye pengo la jino hapa mbele, mpole, anayecheka haraka. Yeye ndiye aliyenipa jina la Sukani, maana nilikuwa nalala nimeushikilia usukani. Asubuhi ile ndege ilipokuja yeye alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji. Mimi nilijitupa chini ya lori. Ilipopita nikatoka, yeye hakutoka. Tulimzika kule kule, na kwao hakuna aliyeona kaburi. Mama yake aliambiwa na watu wa serikali, akasikiliza, akashukuru, akaendelea kumsubiri. Kila nilipokwenda kumsalimia Goweko alikuwa ananiuliza, kwa upole kabisa, "Na mwenzako?"

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati ule ambao Tabora vumbi linaingia hadi kwenye chai. Mke wa Kasanda alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete kwa presha, na Kasanda alikwenda kumpelekea uji. Nikabaki karakana peke yangu. Ndege ilikuwa imeshakamilika umbo, nilikuwa nalainisha tumbo lake kwa msasa. Jua limeshuka, mwanga umekuwa wa rangi ya machungwa, watu wanapita na baiskeli kurudi makwao.

Kijana akaingia. Hakubisha hodi, hakusema shikamoo. Hicho ndicho kilichonikera kwanza. Mtu nina mvi kichwa kizima, kijana wa miaka ishirini anaingia na kukaa kwenye kigoda cha Kasanda kama kwake. Nikainua uso nimwambie neno. Akanitangulia.

"Mwadila, Sukani," akasema.

Mwadila ni salamu yetu Wanyamwezi ya jioni. Lakini Sukani? Nani ananiita Sukani siku hizi? Hata Kasanda ameshasahau jina hilo. Nikamtazama. Alikuwa amevaa kombati ya zamani, na buti zake zilikuwa na matope mabichi, meusi, yanadondoka kwenye maranda ya mbao sakafuni. Mwezi wa kumi, Tabora! Hakuna tope hata kisimani. Akatabasamu, nikaona pengo.

Wewe ungefanya nini? Watu wanasema wangekimbia. Mimi nilibaki pale pale na msasa mkononi. Na nikwambie ukweli, zaidi ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Alikuwa mdogo mno. Mimi nimezeeka, meno yamebaki ya kuhesabu, na yeye bado ni mtoto kabisa, anaweza kuwa mjukuu wangu. Nilitamani kumtafutia chakula.

Alikuwa anaitazama ndege.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii."

"Kumbe ndogo."

"Tumeipunguza," nikasema.

Akakichukua kile kimtu cha mti, akakigeuzageuza, akakirudisha pale pale. "Baada ya pale ilikwenda wapi?"

"Ilirudi kwao."

"Hamkuitungua?"

"Kasanda alijaribu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Halafu akaanza kuniuliza, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetoka safari anauliza habari za nyumbani. Tulivuka mto? Nikamwambia tulivuka. Tulifika wapi? Nikamwambia tulifika mpaka kwenye mji wao mkuu. Kwa hiyo tulishinda? Nikamwambia tulishinda, tukarudi, watu walitupokea stesheni kwa ngoma na vigelegele. Akacheka kwa furaha, akapiga goti lake kwa kiganja, kama aliyeambiwa timu yake imefunga bao.

Akainama kidogo, akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeona haya kuuliza.

"Na mimi? Nilirudi?"

Ndugu yangu, nimeulizwa maswali mengi duniani. Nimeulizwa na madaktari, nimeulizwa na maofisa, nimeulizwa na mke wangu akiwa anakata roho. Hakuna swali lililonipiga kama lile. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na macho yake yalikuwa na wasiwasi mdogo tu, wa mtu anayetegemea kuambiwa ndiyo. Ungemwambia nini?

Mimi nilimwambia, "Ulirudi, Damiano. Uko kwenu Goweko. Mama yako anakusubiri."

Akashusha pumzi. Mabega yote yakalegea. "Nilikuwa sina hakika," akasema. Akasimama. "Basi nimechelewa. Treni bado inapita?"

"Inapita."

Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwona anatembea barabarani kuelekea stesheni, anapishana na wapanda baiskeli, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Kwenye kona sikumwona tena.

Kasanda alirudi akanikuta nimekaa chini. Sikuhitaji kumshawishi. Aliinama, akashika yale maranda yaliyolowa, akanusa vidole vyake, na uso ukambadilika. Harufu ile anaijua kama ninavyoijua mimi. Nikamsimulia yote, mpaka swali la mwisho.

"Ukamjibu nini?" akauliza.

Nikamwambia.

Alijifuta vidole kwenye suruali. "Amekuja mbali kote huko kukuuliza," akasema. "Ungemwambia, afande. Mtu akijua amekufa, anakwenda walikokwenda wengine. Sasa umempeleka wapi?"

Jibu lilikuja kwa simu, mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa Monika, mdogo wake Damiano, ambaye alikuwa anakaa na mama yao Goweko na kulima tumbaku. "Kaka, shikamoo," akasema, na nikasikia anajitahidi kutuliza sauti. "Naomba uje. Mama anasema Damiano amerudi."

Tulikwenda mimi na Kasanda. Mama yule ana umri wa kukaribia miaka tisini, macho yalishazimika zamani, na kwa miaka kadhaa alikuwa haamki kitandani bila kushikwa. Tulimkuta amekaa barazani, amejifunga khanga safi, amepaka mafuta. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu," akasema, na uso wake, niamini, ulikuwa uso wa mwanamke mwingine. "Karibuni, kaeni. Mwenzenu hayuko mbali. Ameshuka mtoni kuchota maji, anarudi sasa hivi."

Kasanda alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Nilimwona mabega yanatikisika. Safari hii hakujificha sana.

Monika alitueleza tukiwa jikoni. Kila jioni mama anaongea na mtu barazani. Anamuuliza kama ameshiba, anamwambia habari za majirani waliokufa na waliooa. Monika hamwoni mtu, lakini kigoda kinalia kama kimekaliwa, na asubuhi anafagia matope makavu. Nikamwambia Monika niliyoyafanya. Hakunifokea. Alisema tu, "Miaka yote mama hajawahi kucheka hivi. Tumwache kwanza."

Tukamwacha. Ungekuwa wewe ungemnyang'anya? Mama alikula vizuri, alilala vizuri, akaishi mvua zote zile. Alikufa wakati wa kuvuna, mchana, akiwa usingizini. Padri alisema hajaona marehemu mwenye uso wa amani namna ile. Tulimzika, tukaanua matanga, nikarudi Tabora nikijisemea labda uongo wangu ulikuwa sadaka. Nilijipongeza, kusema kweli.

Siku chache baadaye Monika akapiga tena. Safari hii alikuwa analia.

"Kaka, sasa namsikia," akasema. "Nilikuwa simsikii, lakini sasa namsikia. Anakuja jioni, anazunguka nyumba, anaita mama. Kisha anaingia jikoni, anasimama nyuma yangu. Ananiuliza, Monika, mama yuko wapi? Nimwambie nini, kaka? Nikimwambia amekufa ataniuliza amezikwa wapi, na nikimwonyesha atakaa pale kaburini. Hajui kama na yeye amekufa. Wewe ulimwambia yuko nyumbani."

Nilipanda treni kesho yake. Nilikaa kwenye ile baraza kuanzia saa kumi mpaka giza lilipoingia. Nikamwita kwa jina lake. Nikamwambia wazi, kwa sauti, majirani wakisikia: Damiano, nilikudanganya. Hukurudi. Ulibaki kule mtoni, tulikuzika kwa mikono yetu, mimi na Kasanda, chini ya mti usio na jina, na niliimba wimbo wa kanisani ingawa sauti haikutoka. Mama ametangulia, mfuate. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba tena.

Hakuja. Mimi hajanijia tena, si pale, si karakana, si kwenye ndoto. Nimekwenda mara nyingi, nimesema yale yale, naongea na ukuta. Nadhani jibu lake alishalipata kwangu, hana sababu ya kuniuliza mara ya pili. Mtu huuliza njia mara moja, akiambiwa anashika njia anakwenda.

Monika alivumilia mpaka msimu mwingine. Alileta padri, akaleta na mzee mmoja wa jadi kutoka upande wa mama yake. Kukatulia wiki moja, sauti ikarudi, na kila ikirudi ilikuwa na huzuni zaidi, kama ya mtoto aliyepotezwa sokoni. Mwisho akafunga nyumba akahamia Choma, Igunga, kwa binti yake. Shamba limeota magugu. Majirani wanasema jioni wanasikia mtu anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ndani hakuna wa kumjibu, "Karibu."

Kasanda ameacha ndege. Ile tuliyoitengeneza aliichoma moto bila kuniambia, nikakuta majivu na bati lililojikunja. Anatengeneza vitanda. Tukikaa tunaongelea bei ya mbao na afya ya mkewe, na kama mmoja wetu akianza habari za kule, mwenzake anainuka kutafuta maji ya kunywa. Mazungumzo yale nayo nimeyapoteza.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Huenda na wewe siku moja jioni atakuja mtu akae mbele yako, mtu wako, uliyemzika, akuulize swali la namna hiyo kwa macho ya namna hiyo. Utamwonea huruma, najua. Moyo utakutuma umwambie anachotaka kusikia. Usifanye hivyo. Mshike mkono kama unashikika, lia naye kama machozi yapo, lakini mwambie ukweli, hata kama sauti yako itakatika katikati. Mimi nilimhurumia rafiki yangu, na kwa huruma hiyo dada yake ameihama nyumba ya mama yao, na yeye yuko pale mlangoni mpaka leo, anabisha.